Tangazo Halikufunguka Lunyo

Juu ya duka la vitenge pale Sofia, Busia ya upande wa Uganda, kuna chumba chenye meza mbili na dirisha moja, na humo ndani Shamirah binti Nurudin ametimiza mwaka wa sita akitengeneza tovuti za watu. Ukiwauliza wenye maduka ya chini anafanya kazi gani, watakwambia anashinda kwenye kompyuta, wakisema kama vile anashinda kibarazani akisukwa nywele. Tusiwalaumu sana. Sisi wa mpakani kazi tunazozijua ni tatu: kununua huku, kuuza kule, na kumvusha mwenye mzigo katikati. Mtu anayekaa kitini kutwa halafu jioni anasema amechoka, hatumwelewi.

Baba yake alimwelewa. Mzee Nurudin aliendesha lori kati ya Mombasa na Kampala miaka thelathini na nane, na mgongo ulipomkatalia akaliuza lori lenyewe, akampeleka binti yake Chuo Kikuu cha Busitema kusomea kompyuta. Wazee wenzake msikitini walimuuliza kwa nini anatupa lori zima kwa mtoto wa kike. Akawajibu kwamba Mungu akikupa gari huulizi kwa nini hakukupa baiskeli. Mke wake alikuwa amekwisha kufa, na nyumbani walibaki wawili tu, baba na binti, wakipikiana kwa zamu na kugombana kuhusu chumvi.

Meza ya pili mle chumbani ni ya Phillip Ochwo, mtu wa Molo, upande wa Tororo, aliyesoma darasa moja na Shamirah. Huja na pikipiki Jumatatu, hurudi kwao Ijumaa kuangalia ng'ombe. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa polepole, mpaka wateja wengine hudhani hajawasikia. Lakini kitu alichokitengeneza Phillip huwa hakiharibiki. Huwa hakipendezi pia, tuseme kweli.

Sasa, tovuti siku hizi haijengwi kwa mikono mitupu. Kuna viunzi vya JavaScript, lugha ya kuamrisha kompyuta, vimekwisha kusukwa na watu wa mbali, na wewe fundi unachagua kimoja ukijengee nyumba yako. Kuna React, kuna Vue, kuna Svelte, na kila mwaka huzaliwa kingine kinachoapa kuwazika wenzake. Mafundi hubishana juu ya viunzi hivyo kama wanaume wanavyobishana juu ya timu za mpira, na sababu wanazozitoa mara nyingi si sababu zilizomo moyoni. Hilo likumbukwe, maana ndilo lililomponza Shamirah.

Kazi yenyewe ilitoka kwa chama cha maziko cha mtaa wao. Nurudin ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Muislamu akifa asubuhi, jioni yuko kaburini. Hatuweki maiti tukasubiri ndege. Kwa hiyo msiba ukitokea, saa chache hizo ndizo zinazoamua nani atamwona maiti wake na nani atabaki na hadithi. Miaka yote kazi ya kueneza habari ilikuwa ya Shafic, mtu mzima mwenye pikipiki na kipaza sauti, anayezunguka kutoka Busia hadi Lunyo na kurudi. Na Shafic alikuwa na adabu yake. Kwenye mitaa alitangaza jina, lakini akifika kwa ndugu wa damu alizima kipaza sauti mbali na nyumba, akaingia kwa miguu, akaomba maji ya kunywa, akakaa. Kisha akasema mzee hajisikii vizuri, vaa twende. Ukweli ulikuja njiani, polepole, ukiwa tayari umeshikwa mkono na mtu.

Lakini Shafic alikuwa mmoja na watu walikuwa wametawanyika: wengine Malaba, wengine Tororo, wengine ng'ambo Kenya hadi Mumias. Watu walianza kukosa maziko na kulalamika. Nurudin akasema binti yangu yupo, tutafanya mambo ya kisasa. Kukiwa na msiba, katibu wa chama ataandika habari kwenye tovuti, na kila mwanachama atapata meseji kwenye simu. Wazee wakakubali kwa sharti moja, na sharti lilikuwa la Nurudin mwenyewe. Jina la maiti lisiandikwe kwenye meseji. Alisema mtu asije akajua amefiwa akiwa peke yake barabarani, ameshika kuku sokoni, kisa simu imelia. Meseji iseme tu kuna tanzia, fungua hapa. Anayefungua atakuwa amejiandaa, amekaa chini, pengine amemwita mtu. Ilikuwa huruma hiyo, na hakuna aliyeiona kasoro.

Shamirah akaichukua kazi bila malipo, akaanza kuchagua kiunzi. Phillip alimshauri tangu siku ya kwanza. Tovuti ya tanzia ina nini, alisema: jina, nyumba, saa. Iandikwe ukurasa wa kawaida, upikwe kwenye seva yetu, kompyuta inayotunza tovuti, umfikie mtu ukiwa umeiva. Shamirah alitaka React, ukurasa wote ujengeke ndani ya simu ya mpokeaji, wenye kusogea na kung'aa.

“Ukurasa wako ni bahasha tupu,” Phillip akamwambia. “Ndani mna maelezo ya kuandika barua, na simu ya mtu ndiyo itakayoiandika. Je, kama simu yake haijui kuandika?”

Shamirah akamjibu kwamba hata wachuuzi wa samaki siku hizi wana simu janja. Akaongeza kwamba kiunzi hicho kinajulikana dunia nzima, kina wataalamu wengi, kikiharibika msaada uko tele. Yote hayo ni kweli. Ila kulikuwa na jingine ambalo hakulisema. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa inatafuta mafundi wa kufanya kazi wakiwa makwao, na ilimwandikia kwamba kabla ya kumwajiri ingependa kuona kitu alichokijenga kwa React, kinachotumiwa na watu halisi. Yeye hakuwa nacho. Alikuwa na tovuti za hoteli tatu na shule moja. Sasa Mungu amemletea chama chenye watu mia tatu arobaini, anawaachaje?

Basi walibishana wiki nzima, hadi siku moja Nurudin alipowapandia ngazi akihema, akiwa na mfuko wa chapati, akawakuta wamenuniana. Akauliza kuna nini. Wakamweleza kila mmoja kwa namna yake, na mzee akawasikiliza kwa heshima kama mtu anayesikiliza Kichina. Halafu akacheka.

“Mchagua jembe si mkulima,” akasema. “Mwanangu, chukua lolote ulime. Watu wanakufa.”

Shamirah akachukua alilolitaka. Alifanya kazi nzuri, asidhulumiwe. Ukurasa ulianza na dua, halafu jina la marehemu likajitokeza taratibu, herufi zikikolea kidogo kidogo. Kwa hilo tu alitumia siku tatu, kwa sababu alitaka habari imfikie mtu kwa upole, kama Shafic alivyokuwa akiifikisha. Akaijaribu kwenye simu yake, ya Phillip, na ile nzuri aliyomnunulia baba yake Idi iliyopita. Ikafunguka kote. Nurudin akaitembeza kinyozini, msikitini, hadi kwa wabadilisha fedha pale mpakani, akiwaonyesha watu ambao hawakumuuliza. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Chama kikamshukuru Shafic kwenye mkutano, kikampa kanzu, na mafuta ya pikipiki aliyokuwa akilipiwa yakakatwa.

Tovuti ilikuwa na hesabu yake yenyewe: katika kila tanzia, wanachama mia tatu arobaini walipata meseji, na kama mia moja na ishirini ndio waliofungua ukurasa. Phillip aliiona hesabu hiyo mwezi wa pili. Akauliza hao wengine mia mbili na ushei wako wapi. Shamirah alikuwa anapanga picha za kupeleka Nairobi. Akasema wazee wanasomewa na watoto wao. Phillip hakuliuliza tena, jambo ambalo yeye mwenyewe hajajisamehe mpaka leo.

Mmoja wa hao mia mbili alikuwa Rehemah, dada yake Nurudin. Huyu ni bibi mzee, mjane, anayelima mihogo na mtama kule Lunyo alikoolewa. Mama yao alipofariki, Nurudin alikuwa na miaka miwili na Rehemah kumi na mmoja. Ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemtafunia chakula. Hata walipokuwa wazee wote wawili, Nurudin akienda Lunyo alikuwa anavua viatu mlangoni na kukaa mkekani, na dada yake anamuuliza kama amekula, naye anasema ndiyo, na analetewa chakula hivyo hivyo. Rehemah alikuwa na simu janja ndogo, ya zamani, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kioo kimepasuka pembeni. Kule Lunyo mtandao nao una mambo yake, mara simu imeshika wa huku, mara imeshika wa Kenya, na bando linakwisha bila mtu kujua limekwenda wapi.

Nurudin alikufa Jumanne moja baada ya swala ya alfajiri. Alitoka msikitini kwa miguu yake, akamwambia Shamirah aweke chai jikoni, akaenda msalani, na mlangoni akaanguka. Walipofika hospitali alikuwa amekwisha. Hakuugua hata saa moja. Watu husema hicho ni kifo chepesi, na labda ni chepesi kwa anayekufa.

Kwetu mfiwa hatangazi msiba wake. Chama ndicho kinachotangaza. Saa mbili asubuhi katibu aliandika habari, meseji zikaondoka. Shamirah alikuwa ameketi chumbani katikati ya wanawake, mkono mmoja umeshikwa na jirani na mwingine umeshika simu. Na kwa kuwa ni fundi, na mtu hukimbilia anachokijua, alifungua orodha ya waliotumiwa meseji akatazama majina. Mbele ya jina la shangazi yake kulikuwa na alama ya kijani. Imefika. Akashusha pumzi. Alijua kutoka Lunyo kwa bodaboda ni saa moja, ukichelewa sana saa moja na nusu, na maiti ingetoka nyumbani saa kumi. Kila aliyeuliza Bi Rehemah yuko wapi, alijibiwa kwamba amekwisha kupata ujumbe, yuko njiani.

Saa sita hakufika. Saa nane hakufika. Shamirah akaanza kupiga simu, ikawa haipatikani. Akajiambia yuko kwenye pikipiki, mtandao unakatika. Saa tisa akampigia Phillip, ambaye alikuwa tayari uani akipanga viti, na Phillip akamtafuta Shafic, na Shafic bila neno akawasha pikipiki akaelekea Lunyo. Ilipogonga saa kumi wanawake walipita mmoja mmoja kumtazama marehemu usoni. Wakasubiri. Sheikh akasubiri robo saa nzima mlangoni, akatazama jua, kisha akasema kwa upole kwamba maiti hacheleweshwi. Wakaufunika uso. Shamirah alitazama jeneza likipita langoni juu ya mabega ya wanaume, na alichokuwa anafikiria si baba yake. Alikuwa anatazama njia ya Lunyo.

Shafic hakumkuta Rehemah nyumbani, alizunguka mashamba akiuliza. Watu wakamwelekeza kusiko, kwa maana siku hiyo mama huyo alikuwa ameazima kipande kingine cha shamba ng'ambo ya kilima. Giza likamkuta Shafic, akarudi. Na Rehemah alisikia habari kesho yake asubuhi, amesimama mbele ya duka anapochajishia simu. Mwenye duka alimrudishia simu yake, akamwambia, pole kwa msiba wa ndugu yako. Hivyo tu, kavukavu, na watu wamejipanga foleni nyuma yake. Lile Nurudin aliloliogopa kwa watu wote, ndilo lililompata dada yake.

Alifika Sofia saa nne. Hakupiga kelele. Aliingia, akakaa mkekani palipokuwa pamelazwa maiti, akapitisha kiganja juu ya mkeka kutoka mwanzo hadi mwisho. Wanawake wakamwacha. Baadaye, alipoulizwa ilikuwaje, alisema meseji aliipata, asubuhi kabisa.

“Nilifinya,” akasema. “Ikaja nyeupe. Nikafinya tena, nyeupe tu. Hizi vidole yangu ni ya jembe, haijui simu.”

Mwanamke mmoja akasema ndiyo hivyo, wazee na simu. Wengine wakatikisa vichwa kwa huruma. Shamirah alikuwa amekaa hatua mbili kutoka hapo, na papo hapo alijua. Nyeupe. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alijua simu ile kuukuu ilipokea maelezo yake marefu ya kujenga ukurasa, ikayasoma, ikakutana na lugha mpya isiyoijua, ikaacha. Bahasha tupu. Alijua pia kwamba shangazi yake hakukosea kitu, alifinya mahali sawasawa, kwa kidole sawasawa, kwa saa inayofaa kabisa. Neno lilimfika mdomoni. Akalimeza. Akainuka akaenda kuchukua chai.

Hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake anayoionea haya zaidi, kuliko ile ya kiunzi. Kukosea kila mtu hukosea. Lakini kumwacha mama mzima abebe kosa lako mbele za watu, huku unampimia sukari kwenye kikombe, hilo ni jingine.

Siku ya tatu ya matanga ilikuja barua pepe kutoka Nairobi. Waliipenda sana tovuti ya tanzia. Walisifu jinsi jina linavyojitokeza taratibu. Wakamuuliza angeweza kuanza lini. Shamirah aliisoma amesimama jikoni, akafunga simu, akakaa chini sakafuni akalia kilio ambacho hakukilia siku ya maziko, na majirani waliomsikia walidhani ndipo kifo kimemwingia. Kazi aliikubali. Mtasema angeikataa. Nani kati yetu angeikataa?

Baada ya khitma alipanda ngazi akarudi chumbani. Phillip alikuwa amekwisha kuitafuta simu ya aina ile ile ya Rehemah, ameipata kwa fundi simu ng'ambo, ameiweka juu ya meza ya Shamirah. Hakusema nilikwambia. Shamirah akaifungulia tovuti yake mwenyewe kwenye simu hiyo na kwa mara ya kwanza akaona walichokuwa wakikiona wale mia mbili. Weupe, kuanzia juu mpaka chini. Hakuna hata neno la kusema kuna hitilafu. Phillip akatoka nje akamwacha.

Kuujenga upya ukurasa kuliwachukua siku mbili. Mbili tu. Jina, nyumba, saa. Ukaiva kwenye seva, ukaenda mwepesi, na simu ile kuukuu ikaufungua kama mlango usio na kitasa. Siku mbili, za mchana tu, na jioni yake akala vizuri. Hilo lilimuumiza kupita yote. Kama lingekuwa gumu angalau angesema sikuweza.

Wiki ya nne akapanda bodaboda kwenda Lunyo, peke yake. Alimkuta Rehemah ukumbini anamenya mihogo. Shangazi yake alikuwa amekonda. Majirani walimwambia Shamirah njiani kwamba mama huyu siku hizi hashiki simu kabisa, ikilia anaita mtu aje aipokee, anasema mkono wake una mkosi. Akamwamkia kwa magoti, akaulizwa kama amekula, akasema ndiyo, akaletewa chakula hivyo hivyo. Alikula matonge matatu. Akanawa mikono.

“Shangazi,” akasema, “hukufinya vibaya.”

Rehemah akaendelea kumenya.

“Ile simu yako haikuweza kufungua kitu nilichokitengeneza. Phillip aliniambia mapema. Nilichagua njia ile kwa sababu nilitaka kazi Nairobi, wao wanaipenda. Si kidole chako. Ni mimi. Na siku ile uliposema mbele ya watu, nilikuwa najua.”

Kisu kikasimama. Rehemah alimtazama mtoto wa ndugu yake kwa muda mrefu, na uso wake haukuwa wa huruma, tusidanganyane.

“Ulikuwa unajua,” akasema.

“Nilikuwa najua.”

“Siku ishirini na sita nimelala nikiambia Nurudin anisamehe. Nasema nilikubeba ukiwa mtoto, halafu kwa ujinga yangu nikakosa kukuaga.” Akakiweka kisu chini. “Ungeniambia siku ile, Shamirah. Ningekasirika, lakini ningelala.”

Shamirah akalia, ameinamisha kichwa, na shangazi yake akamwacha alie. Hakumbembeleza wala hakumfukuza. Kuku wakaja wakadonoa maganda ya mihogo. Baada ya kitambo Rehemah akauliza kama ile tovuti sasa imetengenezwa. Shamirah akasema imetengenezwa, inafunguka hata kwenye simu kama yake. Rehemah akaingia ndani, akatoka na ile simu yenye ufa, akaishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika kitu cha moto.

Shamirah alidhani atataka aonyeshwe mfano. Alikuwa ameandaa mmoja, wa jina la kubuni. Lakini Rehemah alikuwa hajafuta meseji hata moja. Zilikuwamo zote kumi na mbili, moja juu ya nyingine, zote zikisema neno lile lile, na yeye akaziteremkia polepole akihesabu tarehe kwa midomo, mpaka akaifikia ile ya Jumanne. Shamirah aliona anakoelekea, akataka kumzuia, akashindwa kupata haki ya kumzuia. Kidole kikafinya.

Ukurasa ukafunguka hapo hapo. Dua juu, na chini yake maneno: Mzee Nurudin wa Sofia amefariki leo alfajiri. Anatoka nyumbani saa kumi jioni. Wote mnaombwa kufika.

Rehemah alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa madrasani utotoni. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

“Saa kumi,” akasema. “Saa kumi nilikuwa bado napalilia.” Kisha akaongea kwa sauti ya chini, si kwa Shamirah hasa. “Asubuhi ile ilipokataa kufunguka nilisema, huyu mtu hata kama simjui ni Muislamu mwenzangu. Nikamsomea Fatiha nikiwa nimesimama hapa. Nikaombea na ndugu zake, Mungu awape subira.”

Mwanga wa kioo ukaanza kufifia, kama simu hizo zinavyofanya zikikaa bila kuguswa. Shamirah akanyoosha mkono akakigusa kioo pembeni, ili kisizimike, na shangazi yake akaanza kusoma tena kutoka juu.